Shajara ya mradi: mchezo wa nyimbo juu ya Bibi Titi Mohamed

14 Januari 2024: Tumeamua

Kundi letu la sanaa hapa Temeke lina watu 19, karibu wote wana kazi zao za mchana. Mwaka huu tumekubaliana kutoa mchezo mmoja mkubwa wa jukwaani, wenye nyimbo mwanzo mpaka mwisho. Siku tumeshazichagua: Jumamosi na Jumapili, tarehe 6 na 7 Julai. Sabasaba ya mwaka huu TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, inatimiza miaka 70 tangu izaliwe. Mhusika wetu ni Bibi Titi Mohamed.

Kabla ya kikao niliwauliza vijana wanne wa kundi kama wanamjua. Wote wanaijua barabara yake pale mjini na foleni yake ya jioni. Mmoja alijua kwamba alikuwa mama wa TANU. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma, wala kwamba nchi aliyoipigania ilimhukumu kifungo cha maisha. Nimerudi nyumbani na hilo moyoni.

Nitaandika hapa kila hatua ikikamilika, pamoja na gharama, ili kundi jingine likitaka kumwigiza mzee wa kwao lisianzie tulipoanzia sisi.

11 Februari: Andiko la kwanza tumelitupa

Niliandika kurasa 64 kwa wiki tatu. Nilimweka mtambaji pembeni mwa jukwaa, na yeye akasimulia maisha yote kwa mpangilio: kuzaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, kuimba katika kikundi cha Bomba, kuingia TANU, kuongoza wanawake wa chama, uhuru, umoja wa wanawake (UWT) mwaka 1962, kushindwa ubunge Rufiji 1965, kujiuzulu kamati kuu 1967, kukamatwa 1969, kesi, gereza, msamaha, kifo huko Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Kila baada ya tukio, wimbo.

Tulipolisoma kwa sauti lilichukua saa mbili na dakika hamsini. Hakuna tarehe niliyokosea, lakini hapakuwa na mchezo. Ilikuwa kama kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa msibani, na watu wanangoja upishe nafasi kwa dua.

Mpiga chapuo wetu, ile ngoma ndogo, ndiye aliyeugusa ugonjwa. Alisema, "Kaka, hebu tuzitoe nyimbo zote tuone." Tukasoma upya sehemu ya kwanza bila nyimbo. Hadithi haikupungukiwa na kitu. Kwa mchezo wa mwanamke ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa silaha yake, huko ni kushindwa kabisa. Nawasihi mnaotaka kuandika mchezo wa nyimbo: fanyeni jaribio hili mapema, kabla ya kukodi ukumbi. Halina gharama yoyote.

2 Machi: Tulichofundishwa Keko

Leo tumekwenda watu watatu kumwona bibi mmoja wa Keko, umri wake umepita miaka 80. Usichanani mwake alicheza lelemama, ngoma ya wanawake. Tulimchukulia sukari na doti ya khanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani tukamwimbia wimbo wetu tuliokuwa tunaupenda kuliko zote, ule wa Bibi Titi kuwaita wanawake mwaka 1955. Beti tano, mwimbaji mmoja.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wenziwe wanaitika wapi?"

Tukamweleza kwamba wenzake wanaingia mwishoni. Akatikisa kichwa. "Wajukuu zangu, manju akiimba peke yake mpaka mwisho, hao wengine wamekuja kufanya nini? Kumtazama mdomo?" Manju ni yule anayeongoza wimbo.

Akatupigia kofi polepole, akaanza mstari mmoja, akanyamaza, akatutazama. Hatukujua la kufanya. Akarudia. Mara ya tatu ndipo tulipoelewa kwamba anatungoja, kwamba wimbo hauendi mbele mpaka tuitike. Na tulipoitika aliubadilisha mstari uliofuata kwa sababu ya jinsi tulivyoitika. Dakika kumi pale ukumbini kwake, miguu imekunjwa mkekani, zimefanya kazi ambayo kurasa 64 hazikuifanya.

Halafu historia yote ikakaa sawa kichwani mwangu. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Tanganyika akauliza wanawake wa TANU wako wapi, na TANU haikuwa na kitengo cha wanawake cha kumwonyesha. Ndipo Bibi Titi akapewa kazi. Hakuanza kugonga milango ya mwanamke mmoja mmoja. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao, sare zao, na wanachama wa makabila mbalimbali waliokuwa wakiitana mtaa kwa mtaa. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Tukiwatazama wale akina mama kama mapambo ya mkutano tunakosea: wao ndio waliokuwa mtandao wenyewe.

Kwa hiyo mtambaji ametoka. Tumeweka sharti moja kwa andiko jipya: kila wimbo lazima ufanye kazi. Mmoja unakusanya michango, mwingine unaandikisha wanachama, mwingine unapitisha habari ya mkutano mbele ya askari asielewe. Wimbo ambao mwishoni mwake hakuna kilichobadilika jukwaani, nje. Nyimbo tisa zimebaki sita.

20 Aprili: Nyimbo, na laki tatu zilizopotea

Ramadhani tulipunguza mazoezi, tukatumia muda huo kutunga. Wimbo mkuu, unaorudi mara nne katika mchezo, sasa uko hivi. Manju anasema:

*Mlango umefungwa, nani ana ufunguo?*

Na wote:

*Tunao, mama, tunao.*

Basi. Manju anaongeza mistari yake kadiri ya tukio, lakini mwito na mwitikio havibadiliki. Tunataka ukumbi mzima uwe umeujua ifikapo dakika ya kumi na tano.

Kosa la mwezi huu ni langu. Niliogopa kwamba ngoma tupu hazitajaza ukumbi, nikalipa studio shilingi 300,000 warekodi kinanda na gitaa la kuimbia juu yake. Kazi yao ilikuwa nzuri na niliifurahia sana kwenye spika za studio. Kwenye mazoezi ya kwanza tu ikatushinda. Muziki uliorekodiwa haumngoji mtu. Waitikiaji wakichelewa kidogo, au manju akitaka kurudia mstari kwa kuwa watu wamekolea, kinanda kimeshapita. Tulihangaika nao jioni tatu, tukauacha. Sasa ni ngoma zetu tu, vumi, msondo na chapuo, pamoja na makofi. Kama una laki tatu, walipe wapiga ngoma nauli.

Jambo la pili ni nyimbo za zamani. Yule bibi wa Keko alituimbia baadhi alizocheza yeye, na wengine kundini walitaka tuziingize kama nyimbo za Bibi Titi. Nimekataa. Hatuna uhakika nani aliziimba wapi, na haifai kumpachika marehemu maneno. Bibi mwenyewe alitukataza mbili kati ya hizo: ni mafumbo ya vikundi vilivyokuwa vikishindana, na wajukuu wa waliofumbwa bado ni majirani zake. Nyimbo zote sita ni utunzi wetu, na karatasi ya mchezo itasema hivyo.

5 Mei: Ngozi zimelowa

Masika ya mwaka huu hayana mfano, na juzi na jana kimbunga Hidaya kikamalizia. Umeme ulikatika, mazoezi mawili yamekufa. Tulipofungua stoo leo tukakuta maji yamepita chini ya mlango. Msondo ngozi imelegea kama kitambaa, na vumi limeota ukungu pembeni.

Vijana waliwasha mkaa mwingi wakaliweka vumi karibu ili likauke upesi. Sogora wetu, yaani bingwa wetu wa kupiga ngoma, alifika akakuta ngozi inaanza kunyauka ukingoni, akalinyakua kwa mikono miwili. Akatuonyesha njia: makumbi ya nazi, moto mdogo usio na mwale, ngoma iwekwe mbali, igeuzwegeuzwe, na kila baada ya muda ipigwe kwa kiganja na isikilizwe. Ngozi ikikaa sawa sauti yake inatoka tumboni mwa ngoma, haitoki juu juu. Ilituchukua mchana mzima. Vumi limepona. Msondo haukupona, tumeuwamba upya kwa ngozi ya ng'ombe, na pamoja na fundi na kamba imetugharimu 145,000.

Tangu leo makumbi yanakaa nyuma ya jukwaa kama kifaa cha mchezo, na kuna kijana mmoja ambaye kazi yake ni moto tu.

26 Mei: Khanga za mwaka gani?

Nilituma watu wawili Kariakoo wakanunua doti 14 za khanga, 12,000 kila doti, jumla 168,000. Nzuri, rangi zimekolea. Tulipozivaa jioni, mama mmoja wa kundi akasoma pindo la yake: jina lilikuwa la kumtakia heri mteja na namba ya simu ya kampuni ya matangazo chini yake. Nyingine tatu zilikuwa na picha zinazohusu sherehe za miaka ya karibuni. Ilibidi tuziangalie moja moja kama mahakimu. Nne tumezibadilisha kwa muuzaji kwa kumbembeleza sana.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa fikra yenyewe. Sote tulidhani wanawake wa Dar es Salaam wa miaka ya hamsini walikwenda mkutanoni na khanga tu. Bibi wa Keko alipoletewa picha za mazoezi akatuambia, "Na mabuibui yenu yako wapi? Nani angetoka hivyo?" Tumeshona tisa, 25,000 kila moja, 225,000.

Gharama hiyo siijutii hata kidogo, kwa sababu imetupa picha bora ya mchezo. Katika onyesho la tatu wanawake wanaingia uani wote wakiwa ndani ya mabuibui meusi, huwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Manju anaita. Kila anayeitika anavua buibui lake, na ndani kuna khanga. Mpaka mwito wa nne ua umejaa rangi. Hakuna mtu anayeeleza chochote.

9 Juni: Kesi

Hapa ndipo tumekaa muda mrefu kuliko popote, na tumegombana.

Sehemu ya pili ya mchezo ni 1967 mpaka 1972. Azimio la Arusha liliwazuia viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, Bibi Titi akajiuzulu kamati kuu. Oktoba 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 akasimamishwa mahakamani kwa uhaini pamoja na Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri, na maofisa wa jeshi, huku Oscar Kambona akitajwa naye yuko London. Kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais, Mwalimu Nyerere, akamwachia.

Nusu ya kundi walitaka tuishie kwenye uhuru, 9 Desemba 1961, watu waende nyumbani na furaha. Nusu nyingine, vijana hasa, walitaka Mwalimu awe mbaya wa mchezo. Nimezikataa zote mbili. Kuishia 1961 ni kumsahau mara ya pili, kwa makusudi. Na kumgeuza Mwalimu kuwa mkatili ni kujidai tunajua yaliyokuwa mioyoni mwa watu. Aliyemfunga ni serikali ya Mwalimu, aliyemfungua ni Mwalimu, na Bibi Titi mwenyewe alikana mashtaka. Haya matatu tutayaweka jukwaani, na mtazamaji ataondoka nayo.

Tulilokosea ni wimbo wa gerezani. Nilitunga wimbo wa huzuni, mwanamke peke yake, taa moja ya buluu. Mwimbaji wetu aliuimba vizuri mno, na wageni watano tuliowaalika mazoezini walimpigia makofi. Makofi yale yalinichoma. Tumekaa miezi mitatu tukijifunza kwamba katika ngoma hakuna wimbo wa mtu mmoja, halafu nikampa wimbo wa mtu mmoja na watu wakafurahi.

Tumeufuta. Sasa Bibi Titi akiwa gerezani anaanza wimbo ule ule: *Mlango umefungwa, nani ana ufunguo?* Na hakuna anayeitika. Waitikiaji wote 11 wako jukwaani, wamempa mgongo, wamevaa mabuibui yao tena. Kimya cha kuhesabu mpaka ishirini. Halafu onyesho linaisha.

Mazoezini, tulipofika hesabu ya kumi na mbili mpiga msondo alikuwa anafuta macho.

30 Juni: Vipaza sauti

Mazoezi ya mwisho ndani ya ukumbi. Tumekodi vipaza sauti vya kuvaa, sita, vikiwa ndani ya bei ya sauti na taa, 650,000. Vumi likipigwa, vyote sita vinanguruma. Buibui likivuliwa, kipaza kinakwaruza mpaka watu wanaziba masikio. Tumehangaika saa tano, kisha tukavivua vyote na kutundika viwili tu juu ya ukingo wa jukwaa. Sauti za waimbaji zimetosha. Tungeuliza mapema kama ukumbi unavuma wenyewe tungeokoa nusu ya fedha.

Mwimbaji mkuu amekaukiwa na koo. Tumemgawia mzigo: yeye abaki na miaka ya hamsini, na mama aliyevumbua kosa la khanga achukue kuanzia 1967. Kumbe ilitakiwa iwe hivi tangu mwanzo. Sauti ya huyu mama ina mikwaruzo ambayo msichana wa miaka 24 hawezi kuiigiza.

6 na 7 Julai: Maonyesho

Jumamosi watu 187. Wimbo mkuu walikuwa nao mapema zaidi ya tulivyotarajia. Onyesho la mabuibui lilipigiwa vigelegele mpaka tukasimama kidogo.

Kisha gereza. Mama akaanza: *Mlango umefungwa, nani ana ufunguo?* Tukaanza kuhesabu. Sijui kama tulifika tano. Kutoka safu ya tatu au ya nne bibi mmoja akaitika, sauti nyembamba, *Tunao, mama, tunao.* Kabla hajamaliza, ukumbi mzima ukaitika naye.

Mwimbaji akaganda. Sogora akanitazama mimi pembeni akiuliza kwa macho. Mimi sikuwa na jibu. Tulikuwa tumewafundisha watu kwa saa nzima kwamba manju akiita unaitika, na wao wametii. Mama alisimama vile vile, machozi yakamtoka kweli, taa zikazimwa.

Usiku ule hatukulala. Wengi walisema tuache hivyo hivyo, hakujawahi kutokea jambo zuri kama lile katika ukumbi wowote tuliofanya kazi. Nami nakiri lilikuwa zuri. Lakini si kweli. Mwaka 1970 hakuna aliyeitika, na ukumbi ukiitika unajisamehe mapema mno. Mtazamaji anaondoka akidhani angekuwepo angesema kitu.

Jumapili tulibadilisha jambo moja. Mama anaanza, anatoa neno moja tu, *Mlango*, na pale pale vumi linapigwa mara moja, kwa nguvu zote, taa zinazimwa. Mwito haukukamilika, kwa hiyo hakuna wa kuuitika. Giza la kuhesabu ishirini. Watu 264, na nilisikia feni za darini zikizunguka.

Taa zilipowaka ilikuwa 1991, miaka 30 ya uhuru, picha yake ikirudi katika gazeti la chama akiitwa shujaa wa uhuru. Katika andiko palikuwa na hotuba fupi hapo. Tuliiruka. Ngoma zilianza mdundo wa wimbo mkuu bila manju, na ukumbi ukaanza wenyewe kuitika, *Tunao, mama, tunao*, bila aliyewaita.

28 Julai: Hesabu, na safari

Matumizi: ukumbi siku mbili 1,200,000, sauti na taa 650,000, chakula na nauli za mazoezi 1,430,000, mavazi 393,000, ngoma 145,000, vibali na uchapaji 214,000, studio 300,000. Jumla 4,332,000.

Mapato: tiketi 451 kwa 5,000, yaani 2,255,000. Michango yetu wenyewe, 80,000 kila mtu, 1,520,000. Jumla 3,775,000. Tunadaiwa 557,000, na mwenye ukumbi ametupa mpaka mwisho wa Septemba. Kama nisingeenda studio, deni lingekuwa 257,000.

Tumepata mwaliko wa kwenda Rufiji, jimbo lililomnyima kura mwaka 1965. Wenyeji wamesema hawana ukumbi, ila wana uwanja chini ya miembe, na usiku taa ni za jenereta. Kuzima taa kwa ghafla hapo haitawezekana, kwa hiyo tunatafuta namna nyingine ya kulikata lile neno *Mlango*. Sogora anasema vumi litatosha. Mimi nataka tujaribu kwanza uani kwetu, saa mbili usiku, na taa ikiwa inawaka.

Kina mama wa huko wametuomba pia wapewe onyesho la uchaguzi wazitunge wenyewe nyimbo zake. Tumewatumia mdundo kwa simu, na juzi wameturudishia mistari miwili ya kwanza. Ni mikali kuliko yetu.